Mwanga Usiotazamwa Usoni

Ipo siku moja, mwanangu Tusekile, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu sitaisahau: siku walipotaka kukuunguza uso, na shangazi yako akawazuia. Nakuandikia sasa, ungali unatambaa, kwa sababu hasira ikipoa mtu huanza kusema uongo wa heshima. Nasaha ni kazi ya wazee, najua, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Lakini siku ile wazee wengi walikosea, na aliyekosewa ulikuwa wewe.

Ulizaliwa na doa jekundu, rangi ya zambarau lililopasuka, kuanzia paji la uso, likapita ukope wa kulia, likashuka shavuni. Mimi nilikuona mzuri. Wengine wakaanza kutafuta kosa langu.

Huku kwetu Isongole mwanamke aliyeolewa hamwangalii baba mkwe wake. Ukisikia anakuja njiani unaingia majanini, unageuka, unajifunika mpaka apite. Yeye naye hukohoa kutoka mbali ili upate nafasi ya kujificha. Hamsemeshani; neno likiwepo hupitia kwa mama mkwe. Nimesoma mpaka kidato cha nne, lakini mila hiyo niliifuata bila kununa, maana heshima si utumwa. Basi nikiwa na mimba yako, asubuhi moja ya ukungu, nikakutana na babu yako uso kwa uso kwenye kona ya kisimani. Nikatupa ndoo, nikakimbia. Kumbe kuna macho yaliyotuona. Ulipozaliwa na doa, jibu likawa limeshapikwa: mama huyu alimtazama mkwe, na mtoto ndiye aliyeungua.

Dawa nayo ikapatikana haraka. Mganga wa ng'ambo ya mto Songwe angekuja kulipaka doa utomvu wa mnyaa, ule mweupe unaochubua ngozi, mpaka doa litoke na kosa langu litoke nalo. Lakini doa liko kwenye ukope, mwanangu! Hata watoto wachunga mbuzi wanajua utomvu huo ukiingia jichoni ni upofu. Nilisema, nikasema tena. Nikamtumia salamu baba yako, aliyekuwa Tunduma kwenye malori ya mizigo. Akajibu kwamba wazee wanajua. Jibu hilo mpaka leo limenikwama kooni.

Hapo ndipo shangazi yako aliposhuka treni Tunduma, akapanda gari la mahindi mpaka kwetu, amekuja likizo.

Huyu ni dada wa baba yako, mkubwa kwake. Kijijini wanamwita Dokta, na kila akija wamama humjia na maradhi yao. "Dokta, mgongo huu utaniua." Naye hujibu, "Mama, mimi ni daktari wa taa. Ukiwa na taa inayoumwa mgongo, ilete." Wanacheka, lakini hawaondoki.

Ni mzaliwa wa ukoo huu huu. Uhuru ulipokuja nchi ilitafuta vijana wa kusomea sayansi, naye akachaguliwa, msichana peke yake katika darasa la fizikia. Wazee walimcheka babu yako: "Atakusongea ugali kwa fizikia?" Serikali ikampeleka Ulaya. Huko akaikuta leza ikiwa bado changa, mashine yenye kijiti cha yakuti ya kutengenezwa, inayotoa mmweko mwekundu kama radi. Wenzake walitaka kutoboa vyuma kwa mwanga ule. Yeye akaenda kukaa na madaktari wa macho, kuuliza, kupima, kuuliza tena. Miaka ikaenda, wakatengeneza mwanga wa kijani unaopita kwenye kioo cha jicho bila kukidhuru, ukafika nyuma ambako kisukari kimepasua vijishipa, ukaviziba. Damu nyekundu huumeza mwanga wa kijani; ndiyo maana mwanga unajua pa kusimama. Watu waliokuwa wanaelekea gizani wakabaki wanaona. Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na vingine vimeundwa na binti wa Isongole.

Siku moja tukipukuchua mahindi jirani alimuuliza, leza ina tofauti gani na taa. Akasema, "Mnakumbuka mwaka ule mlipohamishiwa kijiji kipya, mkabeba mapaa ya nyumba mabegani?"

"Tunakumbuka. La kwangu lilivunjika njiani!"

"Lilivunjika kwa nini?"

"Wanaume wale kila mmoja na hatua zake. Mmoja huku, mwingine kule, mlevi katikati."

"Hiyo ndiyo taa. Sasa wangetembea hatua moja, wote kwa pamoja, paa lingefika zima. Hiyo ndiyo leza. Mwanga ni ule ule, ila umekubaliana." Kisha akaongeza, "Na ni mwanga wa kuheshimu kama baba mkwe. Hautazamwi usoni. Ukiingia chumba chake unavaa miwani, na taa ya mlangoni inawaka kukuonya."

Wamama walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekupakata, na mganga alikuwa anakuja kesho yake.

Nikamvuta pembeni. "Wifi, mchukue mtoto. Nenda naye. Damu inaumeza mwanga wako, umesema mwenyewe. Mfute doa hawa watu wanyamaze."

Akakugeuza uso, akauangalia kwa utaratibu kama anayesoma, akabonyeza shavu kwa kidole. Doa likafifia, likarudi. Akasema, "Hapana, wifi."

"Hapana?"

"Hii ni mishipa midogo ya damu, imetanuka tangu tumboni. Hakuna aliyeileta kwa macho. Tumeshawatibu watu wazima wenye doa kama hili. Lakini mwanga wetu ukiunguza mshipa, joto linavuja, ngozi ya jirani inaungua nayo. Mtoto anabaki na kovu. Nimewaona. Bado hatujaweza."

Nilimtukana, mwanangu. Nilimwambia miaka yote hiyo ya kula mkate wa wazungu imekwenda bure. Hakukasirika. Aliwasha kibatari, akapitisha kidole chake juu ya ulimi wa moto, haraka. "Nimeungua? Sijaungua. Ningekiacha hapo ningeungua. Natafuta mwanga wa namna hiyo, unaofika, unaupiga mshipa, unaondoka kabla ngozi haijapata habari. Ndiyo kazi iliyo mezani kwangu sasa. Siku ikikamilika nitakwambia. Kabla ya hapo, nikikwambia naweza, mimi na mganga tuna tofauti gani?"

Kesho yake wanaukoo wakakaa sebuleni kwa babu yako. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimekukumbatia, sina ruhusa ya kusema. Lakini shangazi yako ni binti wa nyumba. Yeye na baba yake hawafichani. Mganga alikuwa na utomvu kwenye chupa. Nikasikia kila kitu, na nisiyoyaona shangazi yako alinisimulia baadaye.

"Baba, dawa hii imejaribiwa kwa nani?"

"Wewe na mashine yako umeshindwa," mganga akadakia. "Waachie wanaoweza."

"Sijashindwa, bado sijaweza. Na huko kwangu, kabla mwanga haujamgusa mgonjwa tunaujaribu kwanza, na anayeutengeneza hasimami mbali." Akakunja mkono wa gauni. "Nipake mimi, hapa kwenye mkono. Kesho baba auone. Akiridhika, mpake mtoto."

Mganga akasema dawa yake si ya kuchezewa. Babu yako akasema, "Mpake." Akapaka.

Hawakulazimika kungoja kesho. Jua halijafika katikati mkono ulikuwa umevimba, umewiva, una malengelenge. Mwenyewe alikaa pale pale kwenye mkeka akiangalia kidonda chake kama kitu cha mtu mwingine, akimweleza baba yake: hapa ngozi ya juu imekufa, hapa majimaji yanakusanyika, na ngozi ya ukope, baba, ni nyembamba kuliko hii mara nyingi. Babu yako akauinamia mkono ule, akautazama. Kisha akamwambia mganga achukue chupa yake.

Halafu nikasikia hatua zikija jikoni. Babu yako akasimama upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amegeuka, maana sauti ilikwenda uwanjani. Hakunisemesha mimi, alimsemesha mama mkwe, ambaye hakuwepo.

"Mwambie mama Tusekile," alisema, "siku ile ya ukungu yeye hakukosa. Anayekuja ndiye anayekohoa. Mimi sikukohoa."

Shangazi yako akaita kutoka sebuleni, "Na hata ungekohoa, baba, doa lingekuwepo! Mpelekeni hospitali wampime mgandamizo wa jicho, mara kwa mara. Doa la ukopeni huweza kulisumbua jicho. Hilo ndilo la kuogopa, achaneni na mkwe!"

Na tunakupeleka. Baba yako mwenyewe sasa ndiye anayekubeba mpaka hospitali, na simsamehi haraka. Shangazi yako alirudi kwenye mwanga wake na mkono uliofungwa bandeji.

Sasa sikiliza, mwanangu. Watakaokucheka watakuwepo, lakini uso ni wako; haya ni ya aliyekosa, na wewe hukukosa. Mtu akikuambia ana dawa ya kila kitu, muulize ameijaribu kwa nani, na kama yuko tayari kuijaribu kwake mwenyewe. Mtu akikuambia "bado", usimdharau. Mimi nilimdharau, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa anasema kweli. Kawia ufike. Soma, hesabu na fizikia na chochote kitakachokufanya uulize bila kuomba radhi. Mila yetu ishike kwa mkono mmoja, na mwingine uwe huru kumkinga mtoto. Na huo mwanga ukifika siku moja, usiukimbilie kwa sababu ya wambea. Ukiutaka utakwenda, usipoutaka utabaki na sura yako, na mtu asikuamulie, hata mimi.

Mungu wa babu zako akutangulie mahali penye ukungu. Akupe watu wa kusema kweli mbele yako hata inapouma, nawe akufanye mmoja wao. Na siku utakayosoma haya, uyasome kwa macho yako yote mawili.