Taa ya Mlevi

Pale kituo cha teksi walimwita Taratibu, na kusema kweli alistahili. Kabla ya kuwasha gari asubuhi alilizunguka kama mtu aliyeangusha sindano. Anainama kwenye kila tairi, anapima upepo, anachokoa kijiwe kilichojibanza kwenye mifereji, kisha anarudi kwenye tairi la kwanza maana hana hakika kama alilipima sawasawa. Wenzake wanapeleka abiria na kurudi, yeye bado kainama. "Mwacheni amalize kumwogesha mtoto," walisema, na chai ikawapalia kwa kicheko.

Ambacho hawakukisema mbele yake ni jina lake la zamani. Zamani alikuwa Chupa, na halikuwa jina la kusingiziwa. Siku moja, enzi hizo, alimfuata bintiye shuleni akiwa amelewa chakari, na wakirudi akaligongesha gari kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Binti akabaki na kovu kidevuni, na tangu siku ile hakupanda tena gari la baba yake. Hata alipoolewa alikodi gari la mtu mwingine, na baba mtu, dereva wa miaka yote, akafuata nyuma na gari lake tupu. Pombe alikuwa ameshaiacha kitambo. Lakini kuacha ni jambo moja, na kuaminiwa ni jambo jingine kabisa.

Sasa, kwenye dashibodi ya gari lake kulikuwa na taa ndogo ya manjano yenye mchoro wa gari, na nyuma ya gari mistari miwili iliyojikunjakunja. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiutazama mchoro ule ataona gari la mtu aliyetoka baa. Ndiyo maana madereva wa pale waliiita taa ya mlevi. Siku za mvua ikimetameta kwa mtu, hana amani mpaka jioni: "Leo umepiga ngapi, mheshimiwa?" Wote walicheka. Taratibu naye alicheka, lakini roho ilimuuma.

Mambo yaliharibika siku abiria mmoja, mama wa makamo aliyezoea teksi za pale, alipoiona ikimetameta kwenye kona yenye tope. "Dereva, mbona taa ya mlevi inawaka?" aliuliza, kwa utani tu. Taratibu alilowa jasho mgongo mzima. Kuanzia siku ile, kila wingu lilipotanda alibonyeza kitufe cha kuuzima mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ule unaoiwasha taa ile, akakishikilia mpaka ukazimika. Na kwa kuwa gari lenyewe ni shahidi mkaidi, likiwasha taa nyingine ya kutangaza kwamba mfumo umezimwa, ile nayo aliibandika utepe mweusi. Mtu mwoga wa kila kitu, anayepima upepo mara mbili, akazima kwa mkono wake kitu pekee ndani ya gari kilichokuwa macho kuliko yeye. Ungemkuta siku hiyo ungemnasa kofi.

Fundi wa matairi aliugundua ule utepe Taratibu alipokwenda kubadilisha matairi mawili. Aliuinua kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Kaka, umezima ya nini? Ikimetameta ujue gari limehisi linataka kuserereka, linashika breki kwenye gurudumu moja ili likurudishe njiani. Linakusaidia. Ikiwaka ikaganda, hapo ndipo uje kwangu."

"Inawatia watu wasiwasi," alijibu Taratibu.

"Haya. Na haya mapya nayafunga nyuma."

"Mbele, fundi. Mbele ndiko kwenye usukani."

"Kila mtu ananiambia hivyo. Sikiliza: ya mbele yakianza kuteleza, usukani unakuwa mwepesi mkononi, unajua, unapunguza mwendo. Ya nyuma hayapigi hodi. Hivi vipara vyako viwili ukiviacha nyuma..."

"Fundi, funga mbele."

Fundi akafunga mbele, maana gari si lake. Taratibu akaondoka ameridhika, kwa vile sehemu ya gari aliyoiona akiwa amekaa ndiyo iliyokuwa na matairi mapya.

Simu ya bintiye ilimkuta kituoni, mawingu yameshuka. Binti alikuwa amejifungua, na siku hiyo wanaruhusiwa kutoka hospitali. Mumewe alikuwa safarini kikazi.

"Baba," alisema. "Unaweza kuja kutuchukua?"

Alisema ndiyo. Akaazima kwa jirani kiti cha gari cha mtoto mchanga, akakifunga nyuma, akakifungua, akakifunga upya. Akalizunguka gari mpaka madereva wenzake wakaacha kumtania, wakawa wanamtazama tu. Matone ya kwanza yalipopiga kioo alibonyeza kitufe. Leo kuliko siku zote, alijiambia, taa ile isithubutu.

Binti alipanda nyuma, karibu na mtoto. Taratibu alimwona kwenye kioo akiushika mpini wa mlango, na vidole havikuachia. Mjukuu alikuwa amelala, uso umekunjana, hajui kaingia kwenye gari la nani. Taratibu alitaka kusema kitu chepesi, kitu cha kibabu, akakosa. Aliendesha polepole mno, magari yakampita yakimwagia maji, na lori moja likamganda nyuma likipiga honi.

Lile lori ndilo lililomharibia mahesabu. Wakiteremka kilima, honi iko masikioni, akaongeza mwendo kidogo ili asiwe kero. Kidogo tu. Kona ikaja, na katikati ya kona akaona maji yametuama yakimeremeta. Woga ukamtangulia: akaachia mafuta ghafla na kukanyaga breki akiwa bado amekata usukani. Mbele kulishika barabara vizuri, kama alivyotaka. Nyuma kuliondoka. Hakukuwa na mlio wala onyo, alihisi tu kiti kikimwacha kiunoni, na barabara ikapita mbele ya kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine, miti, ukuta, taa za lori, miti tena. Akauzungusha usukani kurudi, akiwa ameshachelewa. Gari liligeuka zima zima, likaingia kwenye nyasi za kando na kusimama likitazama walikotoka. Lori lilipita upande wa pili likipiga honi mfululizo.

Kimya. Halafu mtoto akalia, kilio kizima chenye nguvu.

Taratibu alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Binti alikuwa ameshamtoa mtoto kwenye kiti na kumkumbatia, anampapasa kichwa, mikono, miguu. Hakuwa ameumia. Hakuna aliyeumia. Kisha binti akainua uso.

"Baba, nipumulie."

Mvua ilikuwa inampiga mgongoni. Akainama ndani ya gari, mtu mzima na mvi zake, akamsogelea bintiye, akapumua. Binti akafumba macho, akavuta ile pumzi kama alivyofanya utotoni akimfungulia mlango.

"Tena," alisema.

Akapumua tena.

"Hujanywa."

"Sijanywa, mwanangu."

"Sasa ilikuwa nini?"

Mvua ilikuwepo, angeisingizia. Maji barabarani yalikuwepo. Lori lilikuwepo, na mwenye lori ameshakwenda zake, hana wa kumtetea. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kusema lori.

"Matairi ya nyuma yameisha," alisema. "Fundi alinikanya, sikusikia. Na kuna kitu kinachozuia gari lisizunguke hivi. Nilikizima mimi."

"Ulikizima?"

"Kikifanya kazi kinawasha taa. Wanaiita taa ya mlevi. Niliogopa ikiwaka ukiwa humu, utafikiri..."

Binti alimgeuza mtoto kifuani. Mtoto alikuwa ameanza kutulia, anatafuta titi.

"Kwa hiyo hukuwa unaiogopa barabara," alisema. "Ulikuwa unaniogopa mimi."

Taratibu akaitikia kwa kichwa, machozi yamechanganyika na mvua, na hakuyafuta.

Binti akamnyonyesha mtoto palepale, mlango umefungwa, baba mtu amekaa mbele mikono mapajani. Alipomaliza alimrudisha mtoto kitini, akamfunga mkanda, akauvuta kuhakikisha.

"Kiwashe hicho kitu," alisema. "Twende mpaka kwa fundi wako, polepole. Atuhamishie matairi, ndipo twende nyumbani."

Taratibu akaweka mikono kwenye usukani.

"Mwanangu, naogopa."

"Najua," alisema bintiye. "Endesha hivyo hivyo."