Majembe ya Majirani

Kaka yangu aliondoka Mlola pamoja na mgambo wa wilaya, wakati wa vita, Uganda ilipovamia mpaka wetu wa Kagera. Alikuwa mpasua mbao kule Shume, mtu wa mabega mapana, na lori lilipowachukua pale Lushoto alikuwa anacheka. Baba alimwambia, "Mkishamtoa huyo mwizi mpakani, rudi. Maharage yanakusubiri."

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mkali, na hatukulilima peke yetu. Ulipika makande, ukaita majirani, na kabla ya jioni kazi ilikuwa imekwisha. Siku nyingine nawe ulikwenda kwao. Baba alivielewa vita kwa namna hiyo. Redio ilipotangaza kwamba askari wa Msumbiji wamekuja kutusaidia, na kwamba Waganda waliokimbia nchi yao wanapigana upande wetu, alifurahi kama mtu aliyeona majembe yakishuka njiani.

"Kazi hii haifiki jioni," alisema.

Jirani yetu mmoja, mtu wa utani, akamwuliza, "Mzee, watu wote hao umewapikia nini?"

"Makande ya mkeo, yale yasiyoiva."

Tulicheka. Hata mama alicheka.

Baadaye redio ikasema Libya imeleta askari kumsaidia mtawala wa Uganda. Baba akaniuliza mimi, niliyeishia darasa la nne, Libya iko wapi.

"Mbali, tate. Mbali sana."

"Sasa inakuja kulima nini huku?"

Mwizi alitolewa mpakani, lakini kaka hakurudi. Wale Waganda waliotusaidia nao walitaka tukalime kwao. Huwezi kula jasho la mtu, halafu ikifika zamu yake ukakaa nyumbani. Hilo baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Jeshi likasonga mbele kuelekea mji wao mkuu.

Habari tuliletewa na kijana wa Magoma, aliyekuwa kikosi kimoja na kaka. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akatueleza. Kaka alipigwa risasi na Walibya, njiani kuelekea huko. Wenzake walimrudisha Kagera, wakamzika.

Mama aliuliza swali moja tu. "Hao Walibya tuliwakosea nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Hata wao, mama, sidhani walijua."

Sasa mimi ni mzee. Nikisikia redioni nchi zinaungana, zinaahidiana kulindana, na watu wanapiga makofi, naona shamba linaloongezeka ukubwa kila jembe linapofika.

Baada ya msiba ule, mvua za vuli zilipokaribia, majirani walikuja bila kuitwa, majembe begani, kutulimia sisi wafiwa. Baba aliwazuia njiani.

"Rudini," aliwaambia. "Kipande hiki ni kidogo. Nitakimaliza mwenyewe."

Hakukimaliza. Magugu yalikifunika mwaka ule na miaka iliyofuata, mpaka tulipofyeka sehemu ndogo pale pembeni, ya kumzika yeye.