Kifusi cha Mtaa wa Matamoros

Ardhi ilipoanza kutikisika, Eduviges Barrueta alikuwa juu ya paa lake akianika mashuka. Najua kwa sababu nilikuwa ninamtazama. Mashine yangu ya kusaga mahindi inatazamana na nyumba yake, na mchana ule nilikuwa mlangoni nikipunga upepo, yeye juu, mimi chini, tukipiga soga kwa sauti kama tulivyozoea miaka yote.

Tulikuwa tukiwacheka watoto wa shule. Asubuhi ile walitolewa uwanjani kwa mstari, mikono kichwani, kufanya mazoezi ya tetemeko, maana ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa tetemeko la mji mkuu tulipokuwa wasichana. Fidencio, mume wa Eduviges, alipita na baiskeli yake akielekea kwenye duka lake la kushona viatu, akasimama kuangalia. Mkewe akamwuliza kutoka mlangoni, "Na wewe likija utakimbilia wapi?"

"Sikimbii popote," Fidencio akajibu. "Mwenye mke kama wewe ameshazoea kutikiswa."

Akaenda zake akicheka peke yake. Ndivyo alivyokuwa, akifanya mzaha huanza kuucheka kabla hujausikia.

Watu wa mbali hudhani tetemeko huyumbisha tu. Lile halikuyumbisha, kwanza lilitupiga kutoka chini, kama vile lori limegonga sakafu ya mji kwa ndani. Nilijikuta nimekaa chini bila kujua nimekaaje. Halafu ndipo likaanza kutupeleka huku na huku, na ule mngurumo, ambao hauji kutoka upande wowote, unatoka chini ya nyayo zako na ndani ya meno yako. Magunia yangu ya mahindi yalikuwa yanatembea. Nilitaka kuinuka nikakimbie katikati ya barabara. Miguu ilikuwa yangu lakini haikunisikia.

Kule juu, Eduviges alikuwa ameshika kamba ya kuanikia. Baadaye alinisimulia mara nyingi. "Kamba, jirani. Nilishika kamba kama mtoto. Tangi la maji likanipita likaanguka uani, na mimi bado nimeshika kamba na shuka limenifunika uso. Nikataka kusali. Salamu Maria ikanitoka mwanzo tu, mwanzo tu, kila nikifika mahali pamoja inakatika, naanza upya."

Likatulia. Kimya kikawa kikubwa kiasi kwamba niliwasikia mbwa wa mtaa wa tatu. Kisha vumbi likaanza kupanda kutoka katikati ya mji, la njano, zito, polepole kama halina haraka na mtu.

"Jirani," Eduviges aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Jengo halipo."

"Jengo gani?"

"La Fidencio. Naliona kanisa. Tangu lini mimi nikaliona kanisa nikiwa hapa?"

Duka la Fidencio lilikuwa chini, kwenye jengo la ghorofa tatu la Mtaa wa Matamoros. Lilikuwa limeziba kanisa lote kwa yeyote aliye upande wetu. Sasa palikuwa na vumbi, na nyuma ya vumbi mnara wa kanisa umekatika shingo.

Eduviges akakimbilia ngazi ashuke. Hapakuwa na ngazi. Ilikuwa imebanduka ukutani, iko uani imelala juu ya tangi. Alikwenda pembe moja ya paa, akarudi, akaenda nyingine. Ninaposema hatukuwa na la kufanya, nazungumzia pia hilo, mwanamke anaona mahali mumewe alipofukiwa na hawezi kushuka kwenye paa la nyumba yake mwenyewe. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta ngazi ya mbao. Kila niliyemwuliza alinitazama kana kwamba naongea lugha ya ng'ambo. Hatimaye niliipata kwa fundi rangi, na nilipoishika ili Eduviges ashuke, mikono yangu ilitetemeka hadi akasema, "Iache, jirani. Bora ukutani kuliko mikononi mwako."

Tulikimbia. Kwenye Mtaa wa Matamoros watu walikuwa wameshapanda juu ya kifusi, wanatoa mawe kwa mikono, wanapitisha ndoo kutoka mtu hadi mtu. Eduviges akapanda nao. Alichimba kwa kucha. Alikuwa akisema "Fidencio, Fidencio," si kwa kuita, ni kama mtu anayemwamsha mwenzake taratibu ili asimshtue.

Wifi yake, Leocadia, akafika kutoka sokoni na aproni yake ya kuuzia kuku. Hawa wawili hawakupatana tangu siku ya harusi. Leocadia ni mwanamke ambaye hata akikupa salamu unajitazama una doa wapi. Alisimama mbele ya kifusi akasema, "Nilimwambia asipange hapa. Nani alinisikiliza?" Kisha akapanda naye, na viatu vyake vya soko.

Jioni wakaja watu wa kujitolea kutoka mji mkuu, wamevaa kofia ngumu, wana taa na mashine ndogo. Aliyewaongoza alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia nyekundu. Huyo ndiye aliyetufundisha ngumi. Akiinua ngumi juu, kila anayeiona anainua yake, na wote wananyamaza, mpaka mwisho wa mtaa. Magari yanazimwa. Hakuna anayekohoa, hakuna anayesogeza mguu. Wanasikiliza kama chini kuna mtu.

Na Eduviges alikuwa anakohoa.

Tangu utoto kifua chake kilikuwa kibovu, na vumbi la chokaa lilikuwa limemjaa. Ngumi zikainuka, mji ukanyamaza, na katika kimya kile kikatoka kikohozi chake. Zikashushwa. Zikainuka tena. Safari hii alijaza ncha ya shali mdomoni, akaiuma, macho yakamtoka, mabega yakawa yanaruka. Kikatoka kupitia shali.

Msichana wa kofia nyekundu akashuka kwetu. "Mama, samahani sana. Naomba ukae mbali kidogo. Kila tukisikiliza tunakusikia wewe."

"Ni mume wangu yumo humo."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba."

Eduviges alinitazama mimi, akamtazama wifi yake, kama tunaweza kumkatalia yule msichana kwa niaba yake. Nani angekataa? Msichana alikuwa na haki. Nilidhani Leocadia atatoa neno lake la kuchoma, kwamba hata kukaa kimya kwa ajili ya kaka yake kumemshinda. Akamshika mkono tu. "Twende, wifi. Twende tukakohoe huko."

Wakaenda kukaa kwenye benchi la bustani ya mji, mbele ya nguzo ya bendera. Kutoka pale kifusi hakionekani, kona imekificha. Zinaonekana ngumi tu za watu wa nyuma. Niliwapelekea kahawa, nikamsikia Eduviges akiuliza, "Wamefanyaje sasa?"

"Wameinua," Leocadia akasema.

"Na sasa?"

"Bado wameinua. Nyamaza na wewe, utaziba kifua."

"Na sasa?"

"Wameshusha."

Hivyo ndivyo alivyoupitisha usiku, mvua ikinyesha, turubai moja juu ya vichwa viwili. Hakula. Watu walileta maharage, chapati za mahindi, mayai ya kuchemsha, chakula kikawa kingi kuliko midomo, na yeye alishika yai lake mpaka likapoa mkononi.

Asubuhi yake ngumi ziliinuka na hazikushuka kwa muda mrefu. Halafu minong'ono ikaja mtu kwa mtu mpaka kwenye benchi. Kuna anayegonga. Anagonga chuma, upande wa mbele, penye duka.

"Ni nyundo yake," Leocadia akasema. "Hiyo ni nyundo. Nani mwingine ana nyundo mle?"

Sikuwahi kumwona Leocadia akimbusu mtu. Alimbusu wifi yake kichwani, palepale penye vumbi. Mimi nilikwenda kusimama pembeni nikalia vizuri. Mji mzima ulijua kuwa Fidencio fundi viatu yu hai. Padri alipita akasema tumshukuru Mungu, na tukamshukuru.

Walimtoa baada ya adhuhuri. Eduviges aliruhusiwa kusogea, maana hapakuwa tena na cha kusikiliza. Machela ilipotokeza, watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kuimba, wanaume wazima wakakumbatiana na wasiowajua. Na kwenye machela palikuwa na kijana mwenye sharubu nyembamba, mweupe kwa vumbi, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi.

"Huyu si yeye," Leocadia akasema. Akarudia, kana kwamba kuna aliyebisha. "Si yeye. Kaka yangu ana kichwa kikubwa kuliko hiki."

Nilimtazama Eduviges. Alikuwa anapiga makofi. Mikono ilikuwa inapiga pamoja na ya wengine, haikujua namna ya kuacha. Halafu akaona soksi. "Ni mteja wake," akasema. "Kiatu kimoja kilikuwa kwa Fidencio."

Kwa hiyo walikuwa pamoja. Kwa hiyo bado kuna tumaini. Akarudishwa kwenye benchi, ngumi zikainuka tena, na tena. Fidencio walimpata siku iliyofuata, nyuma kabisa, karibu na choo. Hapakuwa na makofi. Watu walivua kofia zao ngumu wakazishika kifuani, na msichana wa kofia nyekundu akaja mwenyewe mpaka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Eduviges.

Tulimkeshea barabarani, kwa sababu hakuna aliyekubali kuingia chini ya paa. Binti yao alipiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka, akilia. Akija hataweza kurudi kwa watoto wake, hana karatasi za kuishi kule. Eduviges alikuwa anambembeleza yeye. Katikati ya rozari ardhi ikatikisika tena, si sana, lakini sote tuliruka kwenye viti, tukakimbia kati ya barabara, mishumaa ikaanguka. Ilipotulia tukageuka, tukaona tumemwacha Fidencio peke yake chini ya turubai. Eduviges alikuwa miongoni mwetu waliokimbia.

"Miguu ilikwenda yenyewe," aliniambia. "Siku ile ilikataa kwenda, leo nimeikataza ikaenda."

Yule kijana alikuja mwezi wa kumi na moja, anatembea kwa gongo. Jina lake Rubelio, alikuwa mchuuzi wa dawa za vitamini, wa mji mwingine. Nyumba ya Eduviges ilikuwa imeshabomolewa kwa kuwa nyufa zilipitisha mkono, akawa anakaa kwenye kibanda cha mabati kiwanjani kwake. Rubelio hakutaka kuingia hata humo. Tukamtolea kiti nje, Leocadia akampa supu.

Eduviges alisubiri amalize kula. Kisha akamwuliza lile alilokuwa nalo kwa wiki zote. "Alikimbilia nyuma kufanya nini? Mlango ulikuwa mbele."

Kijana akaweka bakuli chini. "Sijui, mama."

"Alikuambia nini?"

"Alisema soli hii imeoza, afadhali ninunue kiatu kipya. Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Mimi nilikimbilia mlangoni, boriti ikanilaza. Sikumwona tena."

"Hukumsikia?"

"Niliita. Niligonga kwa chuma cha kitasa. Nilidhani niko peke yangu." Akatazama mikono yake. "Ningekuwa na neno lake ningekuletea, mama. Nimetafuta kichwani njia nzima. Sina."

Leocadia akasema, "Pengine alikwenda kuchukua redio. Aliipenda ile redio."

"Pengine," Eduviges akasema.

"Au choo. Tumbo lake unalijua."

"Mbele ya mgeni, wifi."

Rubelio akaacha kopo la vitamini juu ya meza, akaaga. Hakurudi tena, na simlaumu.

Leocadia hakuhama. Alikuja na godoro lake kwa usiku mmoja baada ya mazishi, na mpaka leo yupo, wanagombana kutoka kifungua kinywa mpaka giza, kuhusu chumvi, kuhusu mlango, kuhusu nani alimjua zaidi marehemu. Lori likipita barabarani, wote wawili hushika meza, ugomvi unasimama, kisha unaendelea.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tetemeko lilirudi kwa nguvu, jua likiwa linashuka. Nilikuwa nimewapelekea donge la unga wa mahindi la chapati za jioni. Mabati yalianza kulia, sufuria ya maharage ikateleza mekoni. Nilitoka mbio. Leocadia alitoka, akageuka, akamwona Eduviges bado yuko kwenye kiti ndani.

"Toka, wewe."

"Haiwezi. Miguu haiwezi."

"Jaribu."

"Nimejaribu."

Leocadia akamvuta mkono, akavuta tena. Eduviges ni mzito, na ardhi ilikuwa inawapeleka wote. Mimi nilikuwa nje nimeshika mti wa mlimau, nikawaita, nikawaita, na sikuuachia mti. Nikamwona Leocadia akiacha kuvuta. Akakokota kiti kingine, akakaa kando yake, magoti kwa magoti, wakatazama mabati juu yakichezacheza.

Mabati hayakuanguka. Maharage yalikuwa yamemwagika sakafu nzima. Leocadia aliinuka wa kwanza, akatafuta fagio.