Ukurasa Uliovutwa na Babu

Enzi zetu, huwezi kusema umefunga shule mwezi wa sita kama hujarudi nyumbani na kitabu. Nazungumza na ninyi mliosoma shule za msingi huku kwetu Kilolo, mliovaa sweta lililotoboka viwiko na kwenda shule na kuni moja kwapani kwa ajili ya uji. Mnaujua ukungu wa mwezi wa sita. Unashuka asubuhi, unakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga, na wakati mwingine siku nzima inapita hujaliona zizi la jirani.

Siku ya kufunga, Mwalimu Luvanda alifungua kabati la vitabu lililokuwa nyuma ya darasa la sita. Kabati lile lilinuka panya na mafuta ya taa. Tulipanga mstari, kila mmoja akachagua kitabu chake cha likizo. Tulivyovitazama, ungedhani tunachagua mchumba. Tulipima unene, tukanusa karatasi, wengine wakahesabu picha. Shule ikifunguliwa ulisimama mbele ya darasa na kusimulia ulichosoma, lakini mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta shule nyingine yoyote. Mwisho wa hadithi hausemwi.

"Ishia pale pale patamu," alikuwa akisema, huku akigonga meza na chaki. "Anayetaka mwisho, aje akichukue kitabu."

Sheria ile ilitufanya tusome kama wendawazimu. Na mimi ndiyo iliyoniponza.

Likizo moja ya mwezi wa kumi na mbili, wakati wa mafyulisi, nilichukua kitabu chenye jalada la kijani. Kilimhusu msichana aliyepotea msituni akimfuata kondoo wake mweupe. Nilikisoma nikiwa juu ya mti, maji ya matunda yale yakinitiririka mpaka viwikoni. Siku niliyobakiza ukurasa mmoja, mama aliniita nikachote maji. Nikakiacha kitabu kwenye kigoda jikoni. Niliporudi, Babu alikuwa ameketi pale pale, anavuta tumbaku yake. Mnajua wazee wetu walivyosokota tumbaku kwa karatasi yoyote iliyopita mbele yao. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mdomoni mwake, unaungua.

"Si kimeshaisha?" akaniuliza. "Nimechukua karatasi ya mwisho kabisa, hiyo haina kazi."

Nililia mpaka nikapaliwa. Hadithi sasa ilikatikia pale msichana alipoiona nyumba gizani. Maneno yaliyobaki yalikuwa haya: "Akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa". Basi. Baada ya hapo ni uzi tu wa jalada.

Nani angejua? Shule ilipofunguliwa nilisimama, nikasimulia kwa mbwembwe, nikaishia mlangoni. Darasa zima likaguna. Aliyeguna kuliko wote alikuwa rafiki yangu Vumilia, mtoto wa ng'ambo ya bonde, mwembamba, mwenye kifua kibovu tangu azaliwe. Miezi yote iliyofuata aliniandama. "Rehema, kinaishaje?" Nami nikajifanya mshika sheria. Mwezi wa sita ulipofika aliwahi mstari kabla ya kengele na kukichukua kitabu cha kijani.

Wiki ya pili ya likizo nilisikia mtu anakohoa kwenye ukungu. Nilikijua kikohozi kile, kilikuwa kikavu na cha mara tatu tatu. Nikajua amefika mwisho, ameona ukurasa haupo, na amekuja kuniuliza. Viboko vya Mwalimu Luvanda kwa mtu aliyechana kitabu tulivijua wote. Nikamwambia Babu aseme sipo, nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi.

"Kamwene, Babu," nikamsikia. "Rehema yupo?"

"Kamwene, mwanangu. Ameenda mashine kusaga."

"Basi namsubiri."

Alikaa kwenye kizingiti. Kutoka ng'ambo ya bonde mpaka kwetu ni mwendo wa saa mbili, kupanda na kushuka, na siku ile manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilimwona mgongo kupitia upenyo wa kando ya kihenge, amekumbatia kitabu ndani ya sweta kisilowe. Alisubiri mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Mwishowe akasimama.

"Mwambie nilikuja kuuliza kinaishaje," akasema, na ukungu ukammeza kabla hajafika kwenye mianzi.

Shule ilipofunguliwa, nafasi yake kwenye dawati ilikuwa tupu. Kifua kilimbana, wakasema, wakamzika. Mama yake alikileta kitabu mwenyewe, amekifunga kwenye kipande cha kanga. Akasimama mlangoni mwa darasa letu, akatuuliza kwa upole, "Alikuwa anauliza mwisho wake mpaka siku ile. Nani anaujua, aniambie na mimi?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasema nimesahau.

"Haya mwanangu, si kitu," akasema yule mama. Mpaka leo sauti ile inanichoma.

Hakuna mtoto aliyekigusa tena kitabu kile. Mwaka uliofuata nilichelewa siku ya kuchagua, nikakuta kabati tupu, kimebaki kile cha kijani peke yake. Nikakichukua, ningefanyaje.

Ilikuwa mchana, si usiku, msije mkasema ni hadithi za kutishia watoto. Nilikuwa peke yangu jikoni, viazi vinachemka, ukungu umeziba mlango. Nilisoma kwa sauti ili nijiondoe hofu. Nikafika: "Akabisha hodi."

Nje pakasemwa, "Hodi."

Nikaitikia karibu, kwa mazoea, bila kufikiri. Hakuingia mtu. Nikasikia kikohozi, mara tatu, halafu sauti ya chini chini, yenye baridi, ikauliza, "Kinaishaje?"

Nilitoka. Kizingitini hapakuwa na mtu. Mbwa wetu, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni apite bila kumbwekea, alikuwa amekaa anatazama ukungu, anatikisa mkia kama anavyomtikisia mtu anayemjua. Nilitaka kujibu. Wallahi nilitaka. Lakini ningejibu nini, na mimi mwenyewe sikuujua mwisho?

Tangu hapo kila mwezi wa sita nilimsikia. Nikakua, nikaolewa Mbeya, na huko nako ukungu upo. Nilikuwa naanika nguo, nasikia mara tatu. Nikizima redio, kimya. Mume wangu alisema ni jirani.

Mwaka huu binti yangu Nuru yuko kidato cha kwanza. Walimu wakatuma kwenye grupu la wazazi orodha ya vitabu vya likizo, mzazi achague na mwanawe. Nuru alichagua kwa sekunde tatu, kile chenye kurasa chache kuliko vyote. Sikumlaumu, ndio watoto tulio nao. Nikaenda kukitafuta kwa wauza vitabu vya mtumba pale sokoni Mwanjelwa, na chini ya rundo, kati ya vitabu vya hesabu, nikaona jalada la kijani.

Nilishika tu ile karatasi ya mwisho kuhakikisha ipo. Sikuisoma. Nilikinunua nacho, nikakibeba mpaka Kilolo, kwa mama yangu, tulipokwenda likizo, nikampa Nuru akisome.

Jana mchana ukungu ulishuka, viazi viko motoni. Nuru alikuwa amejikunyata jikoni anatafuta mtandao kwenye simu, kitabu cha kijani kiko magotini mwake, hajamaliza hata kurasa kumi.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "si uniambie tu kinaishaje?"

Nikakichukua kitabu, nikafungua mlango wazi kabisa, nikakaa kwenye kizingiti, pale pale alipokaa Vumilia. Nikasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mianzi.

Aliyesimama pale alikuwa mama yake yule msichana, ameshika taa. Akamwambia, "Ulikuwa wapi siku zote? Ingia ndani, nje kuna baridi."

Ndiyo hayo tu. Maneno ambayo ningeweza kumwambia Vumilia siku ile, hata bila kitabu.

"Unamsomea nani?" Nuru akauliza. Mbwa wa mama alikuwa amekaa uani anatikisa mkia, halafu akaacha.

Nuru ana miisho ya hadithi zote kwenye simu yake, wala hana haja ya kupanda mlima na kifua kibovu kumbishia mtu hodi. Namwonea wivu kidogo, na kumhurumia zaidi. Mlango niliuacha wazi mpaka viazi vikapoa, nikingoja mara tatu zile. Leo nimeuacha wazi tena. Kimya. Miaka yote hii nilidhani siku akiacha kuja nitafurahi.