Pumzi ya Mashine ya Mkwe

Nimeshika injini maisha yangu yote, na hakuna iliyoniudhi kama ile mashine ndogo ya boti ya baba mkwe wangu kule kisiwani Funzi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nikiwa fundi kijana katika karakana ya matrekta upande wa Ramisi. Trekta likiharibika unalifungua, unalitazama, nalo linakuonyesha ugonjwa wake. Mashine ya mzee ilikuwa na silinda moja tu, ndogo kama birika la kahawa, na ilinikosesha raha kuliko matrekta yote ya shamba la miwa.

Hakuna aliyeniuliza kabla ya kuinunua. Mzee aliipata Mombasa kwa mtu aliyekuwa akihama, akaifunga nyuma ya mashua yake, na tangu siku hiyo kila shida ya kisiwani ikawa na jibu moja. Unga umekwisha? Mashine ipo. Wageni wa arusi watafikaje? Mashine ipo. Na mke wangu, aliyekuwa amerudi kwao kujifungua kama ilivyo desturi yetu, naye akapewa jibu hilohilo.

Hapo ndipo nilipoanza kuchemka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa, baada ya mama yake kushikwa na uchungu kisiwani na mashua kusukumwa kwa mti mrefu wa upondo dhidi ya mkondo mpaka watu wakachoka. Safari hii mkunga wa Msambweni aliniambia waziwazi nimpeleke mapema, akae karibu na hospitali, asingoje uchungu. Nilipopeleka maneno hayo kwa mzee, kwa adabu zote, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema binti yake atakaa kwao mpaka uchungu uanze, kwa sababu mashine ipo.

Nayo mashine ilikuwa mgonjwa. Ufukweni, mbele ya watu, iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba na kunguruma vizuri. Ikifika katikati ya maji, kati ya Funzi na Bodo upande wa bara, inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Kesho yake inawaka tena kana kwamba haijafanya kosa lolote.

Nilishuku kompresheni. Injini za namna ile, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, haziendi kama pistoni haiibani hewa sawasawa ndani ya silinda. Pumzi ikivuja, nguvu hakuna. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata chombo: unatoa plagi ya cheche, unaziba tundu lake kwa kidole gumba, unavuta kamba. Silinda ikiwa nzima, hewa inakirusha kidole. Ikiwa imelika, unaisikia ikipumua kichovu tu.

Kazi nyepesi kama hiyo, ukwe uliifanya nzito. Kwetu mkwe ni mgeni wa heshima. Hawezi kufika na kukamata vyombo vya mzee kama vile ni vyake. Kila Jumapili nilipovuka nilikuta mzee amekwisha kuifungua mashine kwa mkono wake mwenyewe, plagi imepanguswa na kulazwa juu ya kitambaa cheupe. Mimi niliachiwa kidole. Naziba tundu, navuta kamba, kidole kinaruka. Navuta tena, kinaruka. Kabla sijanyoosha mgongo, sauti ya mama mkwe inatoka nyuma ya pazia: "Mwambieni mkwe wetu anawe mikono, chakula kinapoa." Nami nanawa, maana mkwe akiitwa kula haambii watu kwamba hajamaliza na silinda. Nikiwa ndani na wali wangu wa nazi, mzee anaifunga mashine.

"Umeionaje?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Pumzi inayo, Baba. Tena nzuri. Lakini hii kuzima njiani…"

Hakungoja lakini yangu. Aliwageukia jamaa waliokuwa barazani. "Fundi mwenyewe amesema ni nzima. Mwanangu atakaa."

Jumapili iliyofuata nilibeba kipimo cha karakana, kile chenye uso kama wa saa na ncha ya mpira unayoikandamiza tunduni. Nilikiomba kwa msimamizi kwa maneno mengi kuliko niliyotumia kuposa. Nikakandamiza, nikavuta kamba, mshale ukapanda na kusimama pale pale unapopaswa kusimama. Nikapima tena, vilevile. Nikadondosha oili kidogo ndani ya silinda, maana ringi za pistoni zikiwa zimelika, oili huziba nafasi na mshale hupanda zaidi. Haukupanda. Injini ilikuwa nzima kabisa, na mama mkwe alikuwa akiniita nikale.

Nilikichukia kile kipimo. Kadiri nilivyopima kwa uaminifu ndivyo nilivyompa mzee sababu ya kumweka mke wangu kisiwani. Ningedanganya tangu mwanzo angekuwa amekwisha vuka. Nilimkuta mke wangu ameketi mlangoni, miguu imemvimba, leso ameilegeza.

"Wewe na hiyo mashine mmenichosha," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini humwambii Baba kwamba unaogopa?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia kompresheni."

Nikazidi kuudhika. Alasiri hiyo mzee akasisitiza kunivusha yeye mwenyewe hadi Bodo, ili niione kazi ya mashine yake. Tukaondoka kwa ngurumo safi, akinitazama kwa jicho la nimekwambia. Tulipofika katikati, ikapungua nguvu, ikakohoa, ikazima.

Mashua ikaanza kuchukuliwa na maji. Pale hapakuwa na pazia wala chakula. Niliinama juu ya mashine na kuona moshi mwembamba ukitoka kwenye shina la plagi, wenye harufu ya utambi ulioungua. Nikachukua spana kabla sijapewa ruhusa.

"Iache, mwanangu, ina moto," mzee akasema. "Nitaifungua mimi."

"Naona, Baba," nikasema, na nikaendelea kuifungua.

Plagi ilitoka imezungushiwa pamba iliyoungua, nyeusi, yenye mafuta. Na chini yake, mahali panapokaa washa, ile pete nyembamba ya shaba inayoziba plagi isivujishe, hapakuwa na kitu.

Nikaelewa yote kwa pamoja, na kuelewa kwenyewe kukanipandisha hasira. Mzee alikuwa fundi wa kukalafati vyombo. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao za mashua ili maji yasiingie, na plagi yangu aliifanyia vivyo hivyo. Pamba ikiwa mbichi iliziba, mashine ikawaka. Ikipata moto iliungua, pumzi ikavuja, mashine ikazima. Na mimi, kila Jumapili, nilikuwa nikiziba lile tundu kwa kidole changu na kwa mpira wa kipimo, vizuri kuliko plagi yenyewe, kisha nikaenda kula.

"Washa iko wapi, Baba?"

"Kile kipete? Kiliangukia majini siku ya kwanza nilipoifungua." Hakuona aibu. "Nikaona kitu kinavuja. Kinachovuja hukalafatiwa. Natia pamba mpya kila alfajiri."

"Kila alfajiri? Hata siku ambayo husafiri?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kipumbavu. "Kwani wewe unajua uchungu utamshika siku gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kupandisha sauti, ukwe au si ukwe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona jinsi alivyoishika ile pamba iliyoungua, akiigeuza geuza, na nikatambua kwamba mzee huyu aliyenichosha kwa mashine ipo, mashine ipo, alikuwa akiogopa kuliko mimi. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja moyoni mwa mtu bila shida yoyote.

"Baba," nikasema, "mimi naogopa. Sitaki kuzika mtoto mwingine."

Alisimama, akachukua upondo, akaugeuza uso wa mashua. Nilidhani ananipeleka Bodo, kumbe anarudi Funzi. Hata hatujagusa mchanga akawaita wanawake waliokuwa ufukweni: "Mwambieni mwanangu afunge vitu vyake. Anavuka leo, maji yakiwa bado mazuri."

Mashine tuliiacha pale mchangani. Mzee alipiga upondo mwanzo hadi mwisho, akakataa nimsaidie, na mke wangu aliketi katikati ya mashua akitutazama kwa zamu, mimi na baba yake.

Siku chache baadaye, hospitalini Msambweni, mtoto alitoka kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingo, na mkunga alihangaika naye kitambo kabla ya kunikabidhi. Nilipotoka nje nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi tangu asubuhi, chai aliyoletewa imepoa kando yake. Hakuuliza ni wa kike au wa kiume.

"Analia?"

"Analia, Baba. Mzima kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. "Rudi ndani," akaniambia, "ukamsikilize tena."

Nikarudi.