Mafuta Kwenye Magurudumu

Mwaka jana kanisa letu la Blacktown, hapa Sydney, lilitangaza mashindano ya malori ya mbao. Kila mzazi atakayependa achonge lori dogo lisilo na injini, literemke lenyewe kwenye njia ya mbao iliyoinamishwa. Mshindi angekabidhiwa darasa la useremala la Jumamosi, ambalo halikuwa na mwalimu.

Darasa hilo nililitaka. Naendesha lori la makontena kutoka Port Botany, kazi ambayo nusu yake ni kungoja kwenye foleni, na katika kungoja huko nimejifunza useremala kwa vitabu na video. Sikuwahi kusimama mbele ya watu nikafundisha kitu chochote.

Kwamba nalitaka nilimwambia mke wangu, na rafiki yangu mmoja tu, Mkongomani anayefanya kazi ghalani huko Lidcombe. Watoto wangu humwita baba mdogo. Alikuwa kwenye kamati ya mashindano, na yeye pia alitaka kushindana. Alikuja gerejini kwangu na kipande cha msonobari mkononi.

"Kaka, mimi mbao najua kuzipakia tu. Nionyeshe."

Nikamwonyesha yote. Uzito uwekwe nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko juu lori linapoanza kuteremka. Misumari inayoshika magurudumu isuguliwe kwa msasa laini mpaka ing'ae. Gurudumu moja la mbele liinuliwe kidogo lisiguse njia, maana gurudumu lisilozunguka haliibi nguvu. Mwisho, unga mweusi wa penseli kwenye misumari.

"Si tutie mafuta tu?" akauliza.

"Mafuta kamwe. Yakikutana na unga huu yanakuwa tope, gurudumu linashikwa."

"Kama mke wangu na mama yangu jikoni," akasema. Tulicheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Siku ya mashindano, baada ya ibada, tulipima malori na kuyapanga mezani. Kanuni ilikuwa kwamba likishapimwa, mwenyewe haligusi tena mpaka zamu yake. Mchungaji akaja kuyaombea, na chupa ndogo ya mafuta mkononi, kama anavyoombea gari jipya la muumini au funguo za nyumba. Nilitegemea hilo. Magari huwa anayapaka kwenye boneti, na boneti ya lori langu ilikuwa mbao tupu. Sikuwa na wasiwasi.

Ndipo rafiki yangu akasimama.

"Mchungaji, mimi naomba tupake magurudumu. Si ndiyo yanakimbia?"

Watu wakacheka, wakasema amina. Mchungaji naye akacheka, akapita lori kwa lori, akiweka tone kila gurudumu, kwa upendo kabisa. Nilisimama nimekunja mikono. Ningesema nini? Kwetu mafuta hayo yamepakwa wagonjwa na watoto wachanga. Nani anyanyue mkono aseme, mchungaji, langu usiliguse?

Nikatazama mezani kutafuta lori la rafiki yangu. Halikuwepo. Sala ilipokwisha alijipiga kipaji cha uso, akasema, "Jamani, langu nimelisahau kwenye gari!" akatoka mbio. Alirudi nalo, likapimwa, mchungaji akalinyooshea mkono kwa mbali kwa sababu chupa ilikuwa imekwisha kufungwa.

Lori langu lilianza vizuri. Katikati ya njia nikaona gurudumu la nyuma linasita, kisha lori zima likawa kama linatembea. La rafiki yangu lilifika chini la kwanza katika kila mbio.

Nilimkuta kwenye maegesho.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini, papa?" akauliza; kwao Kongo kila mwanamume ni papa.

"Mafuta."

Akaangalia kama kuna mtu karibu, halafu akatabasamu. "Unataka kusema upako ndio umekuangusha? Basi twende tukamwambie mchungaji. Nitakusindikiza."

Sikwenda. Mke wangu alisema niende, kisha akafikiri, akasema nisiende. Kila nilivyoipanga kichwani sentensi ya kumwambia mchungaji, ilitoka kama maneno ya mtu asiyekubali kushindwa, tena anayemtupia Mungu lawama.

Ijumaa rafiki yangu alikuja nyumbani, amevaa sare za kazi. Mke wangu, kwa mazoea, alishammiminia chai.

"Kaka, kesho naanza darasa. Niazime ile drili ya mezani. Na uje ukae karibu yangu, ile misumari sijaishika sawasawa. Nikikwama utanikonyeza."

Aliomba kwa sauti ileile aliyoitumia siku zote, bila aibu hata kidogo, na hapo ndipo niliumia kuliko siku ya mashindano.

"Drili haitoki," nikasema. "Wala mimi sitakuja."

"Una kinyongo?"

"Ndiyo."

Nadhani alitarajia nikane. Alinitazama kidogo, akavuta kiti. Alikunywa chai yake yote taratibu, akimsimulia mke wangu habari za ghalani, nami nikamngoja amalize, nimesimama karibu na mlango.