Mashine Yangu ya Michembe

Sikurudi kijijini kwetu Didia kwa kushindwa, na hilo namwambia kila anayeuliza. Nilianza Geita nikisukuma toroli la mawe kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Nikajisomesha mwenyewe, nikapata stashahada ya ufundi mitambo, nikastaafu nikiwa mkuu wa karakana. Stashahada iko sebuleni kwenye fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione.

Mama alikuwa ameshapita themanini. Nilimjengea nyumba ya bati la rangi, nikamvutia maji hadi jikoni. Kilichobaki kuniuma ni michembe. Kwetu viazi vitamu hukatwa vibichi na kuanikwa juani, navyo hukatwa kwa zamu: leo wanawake wote wako uani kwako, kesho wako kwa mwenzako, hivyo hivyo mpaka msimu uishe. Mama na wenzake sita, wote bibi vizee, vidole vimepinda, bado wanashika visu! Nikasema haiwezekani, nami nipo.

Nikaunda mashine. Mota ya pampu kuukuu, sahani ya chuma, visu vinne. Kiroba kizima kiliisha kabla chai haijapoa, vipande vyote unene mmoja. Nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyeona dhahabu.

Zamu ya mama ilipofika, wenzake walikuta viazi vimeshaanikwa.

"Kwa hiyo, injinia, sisi tukalale?" aliuliza jirani yetu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika barabarani.

"Pumzikeni, mama zangu."

Wakanywa chai, wakaondoka. Kesho yake hawakumpitia mama. Hawakuwa na kinyongo: hawakumkatia viazi, wangemwitaje akawakatie vyao? Siku zikaenda. Mama akawa anakaa akitazama ukuta, chakula anakigusa tu, mara mbili kwa siku ananiuliza leo ni siku gani. Niliogopa. Nikampeleka mjini Shinyanga kwa daktari. Presha nzuri, damu nzuri.

"Mchana anaongea na nani?" daktari aliuliza.

"Ana televisheni kubwa," nikajibu.

Daktari akarudisha kalamu mfukoni bila kuandika dawa yoyote.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza mama mwenyewe. Akasema taratibu, "Mashine yako nzuri, mwanangu. Lakini haijui nani kajifungua. Haijui ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani."

Nimefungua injini kubwa kuliko nyumba nikaona ubovu kwa kusikiliza tu, na huu wa uani kwangu sikuusikia! Jioni ile ile nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuuzia mashine?"

"Nimekuja kuomba zamu ya mama irudi."

"Irudi kwa viazi gani? Vyake si vimeshakauka?"

"Ninavyo vyangu, nusu eka, havijachimbwa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Basi tutakuja. Ila na wewe utakaa chini, na kisu."

Walikuja wote sita, nami nikakaa mkekani, miguu ikikataa kukunjika. Kipande changu cha kwanza kilipita kutoka mkono hadi mkono.

"Stashahada hii ilikuwa ya kupasua kuni?" jirani akauliza.

Mama akacheka. Tangu wiki ile ya mashine sikuwa nimemsikia akicheka! Akaninyang'anya kisu. "Vyembamba, wewe, unaniaibisha mbele ya watu." Kisha akamgeukia mwenzake, "Enhe, yule binti alijifungua nini?" Wakaanza, wala hawakunyamaza mpaka jua linazama, na usiku ule mama alimaliza ugali na kuomba maziwa juu yake.

Sasa mimi ni kisu cha nane kwenye zamu, mwanamume pekee, na nasema bila aibu kwamba hakuna anayekata haraka kama mimi, isipokuwa mama. Mwaka huu nilipougua malaria nikakosa zamu siku moja tu, kesho yake jua halijapanda vizuri walikuwa mlangoni na uji, wakitaka kujua nimejificha wapi. Nina miaka sitini na moja, na siku ile nikaona uzee wangu nao umeshapata watu wake.

Mashine inakata majani ya ng'ombe. Inayakata vizuri kuliko mashine yoyote ya dukani.